Julian Bond

Horace Julian Bond (14 Januari 1940 – 15 Agosti 2015) alikuwa mwanasiasa, mwalimu na mtetezi wa haki za kiraia kutoka nchini Marekani. Alihudumu katika bunge la jimbo la Georgia kwa miaka 20. Anajulikana hasa kwa kesi ya mwaka 1966 ambamo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba bunge hilo lilikosea kumnyima kiti kwa sababu ya maoni yake.

== Maisha ya awali ==
Bond alizaliwa Nashville, Tennessee. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi na Mwafrika wa Marekani wa kwanza kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, ambako Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah walikuwa wamesoma.

Mwaka 1957 Julian alijiunga na Chuo cha Morehouse mjini Atlanta. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopinga ubaguzi wa rangi bila kutumia nguvu, akawa mkurugenzi wake wa mawasiliano. Aliacha masomo mwaka 1961 kwa ajili ya kazi hiyo, akarudi baadaye na kupata shahada ya Kiingereza mwaka 1971.

== Kunyimwa kiti bungeni ==
Tarehe 15 Juni 1965 Bond alichaguliwa kuwa mbunge wa wilaya ya 136 mjini Atlanta, akipata kura 2,320 dhidi ya 487 za mpinzani wake. Wapiga kura wengi wa wilaya hiyo walikuwa Waafrika wa Marekani.

Kabla hajaapishwa, SNCC ilitoa tamko la kupinga Vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond alisema analikubali tamko hilo. Tarehe 10 Januari 1966 wabunge walipiga kura 184 dhidi ya 12 kumzuia asiapishwe, wakidai kwamba hawezi kula kiapo cha kuitii katiba kwa moyo wa kweli.

Bond alifungua kesi, na Martin Luther King, aliyekuwa mkazi wa wilaya hiyo, alijiunga naye. Walishindwa katika mahakama ya chini kwa kura mbili dhidi ya moja. Wakati huohuo uchaguzi mdogo uliitishwa ili kujaza kiti. Bond alishinda tena, akakataliwa tena. Mnamo Novemba 1966 wananchi walimchagua kwa mara ya tatu.

Tarehe 5 Desemba 1966 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu walimpa ushindi. Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, ilisema kwamba mbunge ana uhuru wa kujieleza kuhusu sera za serikali sawa na raia mwingine yeyote, na kwamba kiapo hakiwezi kutumika kupima unyofu wake. Bond aliapishwa Januari 1967.

== Utumishi na miaka ya baadaye ==
Bond alikaa katika Baraza la Wawakilishi la Georgia hadi alipohamia Seneti ya jimbo mwaka 1975. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa Chama cha Kidemokrasia mjini Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa nafasi ya makamu wa rais. Alijitoa kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 35 inayotakiwa na katiba.

Mwaka 1986 aligombea kiti katika Bunge la Marekani, lakini alishindwa na John Lewis, aliyekuwa mwenzake wa SNCC. Aliondoka katika Seneti ya Georgia mwaka 1987.

Baadaye alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Virginia. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Waafrika wa Marekani. Alifariki Florida akiwa na umri wa miaka 75.