Envirothon: Mtihani Unaofanyiwa Msituni

Mwaka 1979, wilaya za hifadhi ya udongo katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ziliwakusanya wanafunzi wa sekondari na kuwashindanisha kwa maswali ya mazingira. Mashindano hayo, yaliyoitwa Olimpiki ya Mazingira, ndiyo yanayojulikana leo kama Envirothon.

Kwa nini watu wa udongo? Jibu liko katika miaka ya 1930. Nyanda kubwa za Marekani zilikuwa zimelimwa hovyo, nyasi za asili zimeng'olewa, na ukame ulipoingia, upepo uliupeperusha udongo kama unga. Mwaka 1935 vumbi hilo lilifika hadi Washington. Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo aliyekuwa ameonya kwa miaka mingi bila kusikilizwa ipasavyo, akalifanya ushahidi wake mbele ya wabunge. Aprili 27 mwaka huo Rais Franklin Roosevelt akatia saini sheria ya hifadhi ya udongo. Miaka miwili baadaye aliwaandikia magavana akiwahimiza waunde wilaya za hifadhi zinazoongozwa na wenyeji. Bila wilaya hizo, Envirothon isingekuwapo.

Shindano la kwanza la kitaifa lilifanyika mwaka 1988, majimbo yakiwa bado machache. Baadaye Kanada nayo ikaingia.

Timu ni ya wanafunzi watano, na masomo makuu ni udongo, misitu, wanyamapori na viumbe wa majini, pamoja na suala moja la mazingira linalobadilika kila mwaka. Kinachonivutia zaidi ni namna wanavyopimwa. Kwenye udongo huchimbwa shimo. Wanafunzi husoma matabaka yake, hufinyanga tope kiganjani kujua kama ni mfinyanzi au kichanga, kisha huamua ardhi hiyo inafaa kwa kazi gani. Msituni hupima unene wa miti na kuitambua kwa majani na magome. Mtoni huchunguza wadudu wadogo, maana wapo wasioishi kwenye maji machafu. Mwisho timu husimama mbele ya majaji kutetea mpango wake wa kutatua tatizo halisi. Huko kukariri hakumfikishi mtu mbali.

Walimu wetu wa jiografia na biolojia, somo la namna hii halihitaji mfadhili wala maabara. Chimbeni shimo moja nyuma ya darasa, muwaite wanafunzi walisome.