Nakala ya Tatu: Vyeti vya Dawa Chini ya Jicho la Serikali nchini Marekani

Katika karne ya 20 serikali za majimbo ya Marekani zilijaribu njia nyingi za kudhibiti dawa zinazoweza kumfanya mgonjwa awe tegemezi, yaani dawa ambazo mwili ukishazizoea ni vigumu kuziacha, na mojawapo ya njia hizo ilikuwa kudai nakala ya kila cheti ambacho daktari alimwandikia mgonjwa. Jimbo la New York lilitangulia mwaka 1918, lilipoagiza kwamba nakala za vyeti vya kokeini, heroini, mofini, kodeini na afyuni zifikishwe kwa mamlaka ya jimbo, lakini sheria hiyo ilifutwa mwaka 1921 kabla haijapata muda wa kuzaa matunda.

Mfumo uliodumu ulianza California mwaka 1939. Daktari aliyetaka kuandika dawa ya jamii ya afyuni hakuruhusiwa kutumia karatasi yake ya kawaida, bali alilazimika kuagiza kutoka serikalini kitabu maalumu chenye fomu zilizopewa namba na kutengenezwa katika nakala tatu, ambapo moja ilibaki kwa daktari, nyingine ilihifadhiwa na mfamasia, na ya tatu ilipelekwa kwa idara ya jimbo iliyopambana na dawa za kulevya. Ikumbukwe kwamba idara hiyo ilikuwa ya upelelezi, si ya afya, na kwa hiyo ufuatiliaji huu ulizaliwa ukiwa kazi ya polisi. Hawaii, Illinois na Idaho ziliifuata California katika miongo iliyofuata, kila moja kwa namna yake.

Mwaka 1970 serikali kuu ilipitisha sheria iliyozigawa dawa zinazodhibitiwa katika makundi matano, la kwanza likiwa la dawa zisizotambuliwa kuwa na matumizi ya tiba, na la pili likiwa la dawa zinazotibu kweli lakini zenye hatari kubwa ya kutumiwa vibaya. Miaka miwili baadaye New York ilirudi katika uwanja iliouacha, ikaagiza kila cheti cha dawa ya kundi la pili kiandikwe katika nakala tatu, pamoja na jina, anwani na umri wa mgonjwa. Vyeti vipatavyo 100,000 kwa mwezi vilifika Albany, makao makuu ya jimbo, vikaingizwa katika kanda za kompyuta ndani ya chumba kilichozungushiwa uzio wa waya na kuwekewa king'ora, na karatasi zenyewe zikahifadhiwa kwa miaka 5 kabla ya kuteketezwa.

Wagonjwa na madaktari waliona jambo hilo kuwa uvunjaji wa faragha, wakaishtaki serikali. Ushahidi wao ulikuwa mzito, kwani wazazi walieleza hofu kwamba watoto wao wangebandikwa jina la utumiaji wa dawa za kulevya, na mtoto mmoja alikuwa ameachishwa dawa aliyoihitaji kwa sababu ya hofu hiyo. Hata hivyo, katika kesi ya Whalen dhidi ya Roe, iliyoamuliwa mwaka 1977, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja, kupitia hukumu iliyoandikwa na Jaji John Paul Stevens, kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kukusanya taarifa hizo maadamu lilizilinda. Hukumu yenyewe ilitaja kwamba katika miezi 20 ya kwanza taarifa za wagonjwa zilisaidia uchunguzi wa tuhuma mbili tu za matumizi kupita kiasi, hesabu ndogo mno ikilinganishwa na wingi wa vyeti vilivyohifadhiwa.

Lakini kuupima mfumo huo kwa idadi ya waliokamatwa ni kukosea mahali nguvu yake ilipokuwa. Fomu ilimfanya daktari asite kabla ya kuandika, kwa kuwa alijua kwamba kila saini yake ingefika mezani kwa ofisa, na kusita huko kulikuwa na sura mbili. New York ilipoziongeza dawa za utulivu za jamii ya benzodiazepini katika mfumo huo mwaka 1989, vyeti vyake vilipungua sana, ila baadhi ya madaktari walirudia dawa za zamani ambazo hazikuwa salama zaidi. Hapo mgonjwa ndiye aliyebeba gharama. Kampuni ya Purdue Pharma ilipoingiza sokoni dawa ya maumivu ya OxyContin mwaka 1996, mambo yalikuwa kinyume. Majimbo matano yaliyokuwa bado na nakala tatu, yaani California, Idaho, Illinois, New York na Texas, yalipokea kwa kila mkazi takriban nusu ya kiasi kilichosambazwa kwingineko, na vifo vya kuzidisha dozi viliongezeka huko polepole zaidi kwa miaka mingi, hata baada ya fomu zenyewe kuondolewa.

Wakati huo karatasi ilikuwa tayari ikionekana imepitwa na wakati, kwani Oklahoma ilikuwa imeanza mwaka 1991 kupokea taarifa za vyeti kwa njia ya kielektroniki, na majimbo mengine yakaifuata. Rejesta ya kompyuta ni nyepesi na ya haraka, lakini kwa miaka mingi madaktari wengi hawakulazimika kuifungua, mpaka majimbo kama Kentucky na New York yalipotunga sheria mwaka 2012 za kuwataka waitazame kabla ya kuandika cheti. Kosa la kipindi hicho lilikuwa kuamini kwamba kukusanya taarifa kunatosha, ilhali kilichokuwa kimewalinda watu ni uzito wa kitendo cha kuandika. Missouri ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupitisha sheria ya ufuatiliaji wa jimbo zima, mwaka 2021, baada ya kaunti ya St. Louis kuchoka kusubiri na kuanzisha mfumo wake mwaka 2017.