Tupa Ndani ya Mkate wa Wishwa

Vita vya Tabuk havikupiganwa. Mwaka 630 jeshi la Waislamu lilitoka Madina kwenda kuwakabili Warumi wa Mashariki, likafika Tabuk, likapiga kambi, adui hakutokea, likarudi. Ndivyo wanavyosema wanahistoria. Lakini fungua Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, uone panavyowaka moto hapo Tabuk. Majabari wanatoka mmoja mmoja kati ya safu mbili, wanajitaja nasaba zao, wanatukanana kwa ufasaha, kisha vichwa vinaruka. Sayyidna Ali anapita na panga lake Dhulfikari. Kaisari Herekali anatimua mbio. Beti zaidi ya elfu moja, na wala Bwana Mwengo hakuzua peke yake: hadithi za maghazi zilikuwa zimeshasafiri kutoka Uarabuni zikiongezwa chumvi njiani.

Nayataja haya kwa sababu kuna ndugu zangu wanaoniuliza mtu mzima kama mimi, fundi cherehani mwenye kazi za watu zinazongoja, hupata wapi muda wa kushughulika na majabari. Nami huwajibu kwamba mfalme wa Pate naye alikuwa na kazi, na ndiye aliyeomba utendi ule utungwe.

Mapenzi haya niliyapata kwa nyanya yangu, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa akighani huku akisuka ukili. Nasema kughani, maana tendi hazikuandikwa zisomwe kimyakimya. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina bahari isiyobadilika tangu mwanzo wa utendi hadi mwisho. Hiyo bahari ndiyo inayomrudisha msikilizaji aliyeanza kusinzia. Mtunzi hufungua kwa kumsifu Mungu, mara nyingi akaagiza wino, kalamu na karatasi, na mwishoni hutaja jina lake na mwaka. Ukizisoma kwa macho tu, zile orodha za mashujaa katika Tambuka zinachosha, nakiri wazi. Ukizisikia kwa sauti, usiku, mwanamke anaposhuka nazo taratibu, unataka aje jabari mwingine na mwingine.

Hata hivyo jabari wangu mimi ni Fumo Liyongo. Wanazuoni wanavutana juu ya enzi yake, wengine wakimrudisha nyuma hadi karne ya 13, wengine wakimsogeza karibu karne kadhaa. Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu akaitungia utendi. Huyu Kijuma alikuwa mtu wa ajabu: mshairi, mchonga milango, mwandishi wa khati nzuri, mjuzi wa ngoma. Aliwanakilia watafiti wa Kizungu tungo nyingi, kina Alice Werner na baadaye Ernst Dammann, ndiyo maana leo kazi ya mkono wake iko London na Hamburg. Katika miswada ya aina ile ubeti mzima hulala kwenye mstari mmoja, kwa herufi za Kiarabu, vipande vikitenganishwa kwa alama ndogo, kama mshono wa kupambia pindo.

Ninachompendea Liyongo ni kwamba hadithi yake inafikiri. Mfalme wa Pate anamwogopa, anataka kumwua. Wanapanga hila ya mkoma: kila mtu apande kuangua makoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye anachukua upinde, anayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Hakuna muujiza hapo, ni akili na shabaha.

Kisha gereza. Amefungwa minyororo, na chakula anacholetewa na kijakazi Saada kinaliwa na walinzi. Kila kilicho kizuri wanakinyakua, makombo wanamwachia. Kwa wimbo wa mafumbo anamwagiza Saada kwa mama yake: apike mikate mizuri, na aoke mmoja wa wishwa, ndani yake atie tupa. Hebu zingatia hesabu hiyo. Tupa inalindwa na ulafi wa walinzi wenyewe. Mkate wa wishwa wanautupa kwa mfungwa kwa dharau, na mfungwa anaumega. Bado kuna kelele ya chuma kusugua chuma, basi Liyongo anaomba achezewe gungu kabla hajauawa. Watu wanakuja na matari na matwazi, yeye anawaongoza kwa kuimba, wao wanaitikia, na ndani ya vishindo vile tupa inafanya kazi. Minyororo inakatika ngoma ikiwa imepamba moto.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye michezo ya simu imemroga, aliniuliza: “Shangazi, huyu udhaifu wake ni upi?” Nilifurahi, kwa kuwa ni swali la shabiki hasa. Sindano ya shaba kitovuni. Hakimwui kitu kingine. Anayeitumia ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa uwaziri na binti wa mfalme.

Hadithi za kupagawisha hazikuishia kwa majabari wa kale. Hemed bin Abdallah el-Buhry wa Tanga alitunga habari za Abdirrahmani na Sufiyani, kisha kwa bahari na mizani hiyohiyo akatunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, vita alivyoviona zama zake, ambavyo mwisho wake Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwaka 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini akafuata na Maji Maji. Shaaban Robert akaichukua vita ya 1939 hadi 1945, Hitla na vifaru vyake, akaitia katika maelfu ya beti. Kwa masikio yangu Bushiri ananguruma vizuri kuliko vifaru, lakini hayo ni mambo ya kila mtu na ladha yake. Wa kuogopwa ni Mgeni bin Faqihi na Rasi 'lGhuli wake, beti zaidi ya elfu nne, kitabu kilichotoka Dar es Salaam mwaka 1979. Huo niliumaliza kwa ukaidi tu, kituo kwa kituo.

Nami nimeingia mchezoni. Linaloniudhi katika utendi wa Liyongo ni kwamba Saada, aliyebeba tupa mbele ya macho ya walinzi, anatoweka baada ya kazi yake. Mama anatajwa, mwana msaliti anafuatwa hadi mwisho wake, Saada hapana. Basi namtungia. Jioni nikishafunga duka nahesabu mizani kwa vidole juu ya meza ya kukatia nguo, na ubeti mmoja unaosimama ni huu:

Mlangoni akasita,
shaka moyoni yapita,
mlinzi kaja kumwita,
mikono yatetemeya.

Kaka yangu anasema ni utovu wa adabu kuchezea kazi ya Kijuma. Namkumbusha kwamba Kijuma alikuta hadithi imeshasimuliwa na kuimbwa vizazi kwa vizazi, akaishona upya kwa kipimo chake.

Ubishi tulio nao sasa ni wa chombo. Gereza liko Pate, Pate ni kisiwa, na nataka Saada avuke usiku ule ule kwenda bara upande wa Ozi. Kaka anataka mashua, kwa kuwa “mashua” linaingia vizuri kwenye kipande. Mimi nataka mtepe, ule uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na kusafiri kwa tanga la mkeka, maana ndicho chombo cha visiwa vile. Tatizo ni kwamba mtepe unataka mabaharia wengi, na Saada hana rafiki hata mmoja bandarini. Itabidi kwanza nimtafutie nahodha anayewachukia walinzi wale, na hapo najua beti zitaongezeka.