Posho ya Msafiri: Kutoka Kambi ya Mpagazi hadi Gesti ya Nachingwea

Mtumishi anayetumwa kikazi Nachingwea hivi leo hushughulikia kwanza mambo matatu: posho, chumba cha kulala na mahala pa kula. Mchana atakwenda vijiji vya Lionja, au atavuka kuingia Ruangwa. Jioni atarejea gesti, ataoga, kisha atatoka kutafuta hoteli. Na hoteli, kwa Kiswahili cha mitaani kwetu, si lazima iwe na kitanda. Yatosha iwe na meko, benchi na mpishi. Mambo haya tumeyazoea mno hata hatuyaulizi umri wao. Lakini neno posho peke yake lina historia ndefu, na khasa katika nchi hii ya kusini.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita baina ya Ziwa Nyasa na bandari za Kilwa Kivinje na Lindi. Mpagazi alilala kambini, na chakula chake ndicho kilichoitwa posho: kibaba cha nafaka kwa siku, au badala yake kipande cha nguo au shanga, akajinunulie mwenyewe vijijini. Posho, basi, ilikuwa njaa ya mtu iliyopimwa na mwenye mali. Mtumwa aliyefungwa katika msafara huohuo hakuwa na hata haki ya kulalamikia kipimo.

Neno likasambaa pamoja na kazi. Uganda likawa ugali wenyewe. Kwetu Tanzania likaishia kuwa fedha ya safari, iandikwayo katika fomu na kutiwa saini.

Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wageni wa kazi wakamiminika. Mwaka 1949 reli kutoka pwani ikafika. Lakini, kama ilivyokuwa desturi ya ukoloni, malazi na meza viligawanywa kwa rangi: mafundi na wakubwa wa Kizungu walikuwa na makazi na klabu yao, kibarua Mwafrika akawa na kambi na posho. Januari 1951 mpango ulitupwa, baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nachingwea imewahi kumpokea mgeni aliyeutimiza usemi huo barabara. Katika miaka ya 1960 wapiganaji wa FRELIMO walipewa hapo kambi ya mafunzo. Walijifunza silaha, na wakalima chakula chao wenyewe, kwani kilimo kilikuwa sehemu ya mafunzo. Mei 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma na kuanza safari ya kuelekea Maputo. Tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Hao ni wageni ambao hawakungoja kupimiwa kibaba.

Sisi wasafiri wa leo hatupewi jembe. Twaja kukagua, kuhesabu, kufundisha, kununua korosho na ufuta. Twalala siku tatu na kuondoka. Hapana ubaya. Lakini ni haki kukumbuka kwamba katika safari hii mpimaji amebadilika. Zamani mwenye msafara alimpimia mpagazi. Leo mwenye posho ndiye ampimiaye mwenyeji, pale anapobishana na mama lishe juu ya bei ya sahani ya wali, ilhali risiti ya chumba hailalamikii kamwe, kwa kuwa itarejeshewa ofisini.

Muhogo na mbaazi zilizo katika sahani ile zimelimwa na watu walewale ambao mgeni amekuja kuwaeleza habari za maendeleo. Kabla ya kuwapa somo, ameshakula jasho lao. Alipe bei kamili, aulize jina la mpishi, na amwamkie vyema. Katika karne nzima ya safari za kikazi kusini, wapishi ndio waliokula mwisho, na majina yao hatukuyaandika.