Muziki wa Wawili: Mwomboko na Usawiri wa Mapenzi

Katika baleti ya kikale ya Ulaya, mapenzi hufikia kilele pale wahusika wawili wanapobaki peke yao jukwaani na muziki ukawa ndio msemaji wao. Katika Swan Lake ya Tchaikovsky (1877), fidla huanza, kisha selo huingia, na sauti hizo mbili hujibizana. Chimbuko la kipande hicho ni wimbo wa mwanamke na mwanamume katika opera yake Undina (1869). Maneno yaliondolewa, majibizano yakabaki.

Nyeri, Karatina na Murang'a nazo zina muziki wa wawili, nao ni mwomboko. Ngoma hii ilishamiri katika miaka ya 1940, baada ya muthirigu kupigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1930. Ala zake kuu ni mbili: akodiani, ambayo huvuta na kurefusha sauti, na karing'aring'a, pete ya chuma igongwayo ili kupima mwendo. Mume na mke hushikana, wakapiga hatua mbili na kugeuka.

Baadhi ya wahakiki huuona mwomboko kuwa uigaji wa walsi tu. Ni kweli kwamba akodiani na mshikano wa wachezaji vina asili ya Ulaya. Hata hivyo, tofauti ya msingi i katika neno. Baleti huyaondoa maneno ili wapendanao watengwe na ulimwengu. Mwomboko huyahifadhi, na mwimbaji husimulia mambo ya jamii huku jozi nyingi zikicheza pamoja. Kwa hiyo mapenzi hayatengani na historia.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliitumia sifa hiyo katika Ngaahika Ndeenda, tamthilia iliyoigizwa Kamĩrĩthũ, Limuru, mwaka 1977, na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Kĩgũũnda na Wangeci, wakulima maskini, wanaukumbuka ujana wao kwa kucheza mwomboko. Kumbukumbu hiyo ya mahaba inawafikisha kwenye Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Leseni ya maonyesho ilifutwa Novemba 1977.

Hapana budi, basi, mwomboko uhakikiwe kama fasihi kamili. Mhakiki anayesikiliza akodiani pekee atapata mahaba. Anayesikiliza na maneno atapata pia ardhi iliyopotea.