Sentimita Moja ya Dzaleka

Chukua karatasi ya miraba, rula na penseli. Kila sentimita iwe watu 50,000, kisha chora nguzo za Lilongwe kadiri sensa zilivyouhesabu mji huo. Mwaka 1966 nguzo haifiki hata nusu sentimita, kwani wakazi walikuwa kama 19,000. Mwaka 1977, miaka miwili baada ya makao makuu ya Malawi kuhamia huko kutoka Zomba, inakaribia sentimita mbili. Mwaka 2018 inakaribia ishirini: watu 989,318.

Kando yake chora Dzaleka. Kambi hii ya wakimbizi iko wilayani Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kuwapokea waliokimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaoishi humo wamezidi 50,000, na Kiswahili ndicho wanachopatania bei sokoni. Kwenye karatasi yetu, wote hao ni sentimita moja na ushee.

Mchoraji anayeona sentimita moja ni haba huingiwa na kishawishi. Tuseme aanzishe mhimili wa wima kwenye 45,000 badala ya sifuri. Ongezeko la kutoka 48,000 hadi 51,000, ambalo ni kama asilimia 6, litaonekana kana kwamba kambi imejaa maradufu. Hakuna namba iliyoghushiwa, lakini jicho limepotoshwa, na anayetazama ataondoka na hofu isiyo na msingi juu ya watu wasiokuwepo kujitetea. Dzaleka haihitaji chumvi hiyo. Inahitaji nguzo inayoanzia sifuri na mstari mmoja uliovutwa kwenye 12,000. Hapo kila mtu ataona nguzo imeupita mstari zaidi ya mara nne. Mwaka 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, huo ndio mchoro uliostahili kuwa mezani.

Ufundi huu una miaka zaidi ya mia mbili. Mskoti William Playfair alichapisha kitabu chake cha grafu za biashara jijini London mwaka 1786. Grafu nyingi humo ni za mistari inayofuata miaka. Kwa Uskoti, hata hivyo, alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, kwa hiyo hakuvuta mstari. Alisimamisha pau, kila nchi na yake.

Uangalifu wake wa kutovuta mstari pasipo na takwimu unaihusu Malawi moja kwa moja. Sensa zilifanyika 1987 na 1998. Ya kwanza iliwakuta wakimbizi wa Msumbiji wakiendelea kumiminika. Ya pili ilikuta wamekwisha kurejea kwao. Katikati, kufikia mwaka 1992 ambapo mkataba wa amani ya Msumbiji ulitiwa saini Roma, walikuwa wamepita milioni moja, takriban mmoja kwa kila wenyeji kumi. Kwa rula yetu hiyo ni nguzo ya sentimita ishirini na zaidi, ndefu kuliko Lilongwe ya 2018. Anayeunganisha nukta za sensa hizo mbili kwa mstari ulionyooka hampati hata mmoja wao.