Kilio cha Mgonjwa na Subira ya Mja



Bariadi ni mbali na pwani yetu. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na tangu mwaka 2012 ndiyo makao makuu ya mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga. Nilipokuwa huko kwa darsa, alinijia mzee mmoja baada ya sala ya alasiri. Kijana wake aliangukiwa na mkokoteni wa ng'ombe akavunjika paja. Mfupa ukaunga upande, na mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenziwe. Ameambiwa kuwa upo upasuaji wa kuurefusha, lakini maumivu yake ni ya miezi. Mzee akaniuliza: "Shekhe, nasikia watu wa zamani walikatwa miguu bila ya dawa, wakanyamaza. Huyu wangu akilia na kumeza dawa za maumivu, subira yake itakuwa imekwenda wapi?"

Swali hili si la Bariadi peke yake. Hata katika nyumba zetu za pwani nimeona mgonjwa akiona haya kusema "naumwa", asije akaitwa mdhaifu wa imani.

Kisa alichokisikia mzee ni cha Urwa bin Zubeir, mtoto wa Asmaa binti Abubakar, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, aliyefariki karibu na mwaka 94 Hijria. Alisafiri kwenda Shamu kwa Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, mguu ukamwoza, matabibu wakaamua kuukata. Walimpa kinywaji cha kumwondoa akili asisikie msumeno, akakataa. Katika safari hiyo hiyo akafiwa na mwanawe aliyepigwa teke na mnyama. Akamshukuru Mola wake kwa viungo na watoto aliobakishiwa.

Kisa hiki ni kikubwa, nasi tunakisoma kwa heshima. Lakini hicho ni cheo cha Urwa, hakikuwekwa kuwa sharti kwa kila mgonjwa. Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii tunasoma vitabu vyake tangu utotoni, na aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza kuwa inajuzu kutumia dawa ya kuondoa akili panapokuwa na haja, mfano wake mtu anayekatwa kiungo kilichooza. Tazama, msomaji: mas'ala haya yalisemwa karibu miaka 600 kabla ya Boston kuonyeshwa dawa ya etha mwaka 1846.

Ama kilio, Nabii Yaakub (A.S.) alilia mpaka macho yakamweupuka, na Qur'ani haikumtoa katika wenye subira. Mtume wetu (S.A.W.) alipopata homa, Ibn Masud alimgusa akaona ukali wake, naye Mtume akakiri kuwa maumivu yake ni ya watu wawili. Bibi Aisha (R.A.) alilalamika kichwa mbele yake, na yeye akasema kuwa chake ndicho kinachouma. Kinachokatazwa ni kumlaumu Mungu na kukata tamaa. Kuugua si dhambi.

Sasa tuje kwenye huo urefushaji wenyewe. Mwaka 1905 Alessandro Codivilla wa Bologna, Italia, aliandika jinsi alivyoukata mfupa wa paja na kuuvuta mguu kwa uzito mkubwa, kwa msumari uliopita kisiginoni. Aliyebadili mambo ni Gavriil Ilizarov, mzaliwa wa mwaka 1921, aliyekulia katika umaskini huko Kaukazi. Alipohitimu udaktari mwaka 1944 alipelekwa kijiji cha Dolgovka, jimbo la Kurgan huko Siberia, mahali pa baridi na upungufu wa kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza pete za chuma zinazouzunguka mguu, zikashikwa na nyaya nyembamba zinazopita mfupani.

Siri yake ilikuwa kipimo. Mfupa unakatwa, unaachwa siku chache, kisha unavutwa milimita 1 kwa siku, tena si kwa mkupuo, bali robo robo mara 4. Ukivutwa mbio, mishipa na misuli inateseka na mfupa mpya hauoti vizuri. Ukivutwa polepole mno, unafunga kabla ya wakati. Sentimita 5 basi ni siku 50 za kuvuta, na baada yake miezi ya kungoja ugumu. Wakubwa wa Moscow hawakumjali kwa muda mrefu. Mwaka 1968 akamtibu Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu wa Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ambaye ajali ya pikipiki ilimvunja mguu na upasuaji mwingi ukashindwa. Brumel akaruka tena zaidi ya mita 2.

(Wapo leo wanaorefusha miguu mizima ili waonekane warefu tu. Hao wana suala lao mbele ya wanavyuoni, na mimi siliingizi hapa. Kijana wa Bariadi anatengeneza kilichovunjika.)

Nilimwambia mzee: dawa ya maumivu imezwe kwa saa aliyoipanga daktari, isingojwe mpaka moto uwake. Mazoezi ya goti yafanywe dawa ikiwa imeshika, kwa kuwa goti likikauka ndiyo taabu kubwa zaidi. Usiku mguu uinuliwe juu ya mto, na mtu akae naye, kwani maumivu ya usiku huzidishwa na upweke. Matundu ya nyaya yasafishwe kama walivyofundishwa hospitalini, yasipakwe majani. Akiona usaha au homa, au vidole vikifa ganzi, asijikaze kiume. Arudishwe hospitali upesi, pengine uvutaji utapunguzwa. Na sigara aiache, inachelewesha mfupa.

Kutoka Bariadi watashuka Lamadi, wafuate ziwa mpaka Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971. Huko ndiko wataambiwa kama mguu ule unafaa kuvutwa au la.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kijana ataswali vipi na machuma yale. Akiweza kusimama asimame, nikamwambia, asipoweza akae, asipoweza alale. Ama udhu wake una maelezo, tukakaa mkekani kuyapitia mpaka magharibi ikaadhiniwa.